Nilifunga Gari, Sikukufunga Wewe

Mwanaidi,

Shikamoo yako sijaisikia tangu siku uliyotoka hapa na begi, lakini marahaba nakuletea hivyo hivyo, isije ikasemwa mimi ndiye niliyekosa adabu. Mimi mzima. Mguu unaniuma kama desturi yake. Utasema hukuniuliza. Kweli, hukuniuliza.

Naandika mchana, alasiri imeshaadhiniwa, kwa sababu macho yangu hayapatani tena na taa. Naandika kwa mkono huu huu wa darasa la nne kwa sababu nikikupigia simu hupokei. Herufi zikipinda, zisome zilivyopinda. Ulikula chapati zangu zilizopinda miaka yote na hukuwahi kulalamika.

Shangazi yako wa Chumbageni, uliyekwenda kulala kwake kama mtu aliyefukuzwa, amenifikishia ujumbe. Kwamba kesho baada ya alfajiri utapita kuchukua pikapu uende zako Amani. Kwamba nisihangaike kuamka. Kwamba ufunguo niuweke dirishani. Nimesikia yote, masikio yangu hayajafa. Ufunguo haupo dirishani. Upo, na utaupata, lakini utanisoma kwanza. Ndiyo maana barua umeikuta kwenye usukani, maana nakujua: ningekuwekea ufunguo juu na karatasi chini yake, karatasi ungeiacha ipeperuke mpaka barabara ya kumi na kitu huko.

Sikuandikii habari za blanketi. Kule juu kuna baridi na ukungu, kila mtu anajua, na sweta unaweza kujinunulia. Sikuandikii usile nini wala usitembee na nani. Hayo nimeyasema tangu unanyonya, na kama hayakuingia kwa masikio hayataingia kwa macho. Nakuandikia juu ya neno moja.

Ulisimama katikati ya uwanja. Bi Mize, jirani yetu, yuko mlangoni kwake na ungo mkononi. Fundi Mhina ameinamia injini, ametoa kile kitambaa chekundu, amekishika kwa ncha za vidole kama mtu aliyeokota panya. Nyuma yake watu wa mtaani, wale ambao boneti ikifunguliwa popote lazima waje kuchungulia. Na wewe, mwana niliyembeba mgongoni tangu mama yako alipofariki hujaota hata jino, ukanitazama usoni ukasema: "Bibi, umenifunga."

Hukupiga kelele. Ungepiga kelele ningesema ni hasira. Ulilisema taratibu, kama mtu aliyekuwa nalo mfukoni siku nyingi.

Unajua mwanamke wa umri wangu, mjane, akiambiwa neno hilo mbele za watu linampeleka wapi? Unajua. Umezaliwa hapa. Mtoto wa kwanza kushikwa na homa mtaa huu, macho yatageukia mlango gani? Tangu siku ile wateja wangu wananunua samaki wamesimama mbali, mkono ndio unakuja, miguu haiji. Mmoja ameniuliza, huku anacheka cheka, nimekaangia mafuta gani. Nimekaanga samaki kwenye kibaraza hiki tangu babu yako yu kijana, na swali hilo sijawahi kuulizwa.

Basi kaa hapo kwenye kiti, usiguse kitu, nikusimulie. Wewe unajua vipande. Vyote ninavyo mimi, na vingine si vitamu kwangu.

Lilianza baada ya Idi. Ulikuja na habari yako kwamba umepata watu wa Amani, watu wa iliki na mdalasini na pilipili manga, utakuwa unawateremshia mizigo mpaka Muheza, na kwamba utahamia huko huko kwa sababu kupanda na kushuka kila siku kutoka Tanga ni kuliumiza gari. Ulikuwa umeshapata na chumba. Hukuniuliza, ulinitaarifu. Nikasema vema. Nilisema vema, Mwanaidi. Wewe unaukumbuka uso wangu tu, neno umelisahau.

Jioni ile Bi Mize akapita, akaitazama pikapu uliyokuwa umeiosha ikang'aa, ile pikapu ya marehemu babu yako, mume wetu sote wawili kama alivyokuwa akikutania. Akasema, "Gari hili bado kijana. Litampeleka mbali Mwanaidi." Basi. Hakusema Mashaallah. Nilingoja. Nilimtazama mdomo nikilingojea neno, akaufumba akaenda zake.

Cheka. Wewe umekulia kwenye simu. Mimi nimeona mnazi uliosifiwa kuzaa ukakauka kilele kabla ya mwaka kugeuka.

Nikaenda kwa mwalimu wa chuoni, akaniandikia Ayatul Kursi, nikaikunja, nikaishona ndani ya kitambaa chekundu. Hirizi kama ile uliyovaa shingoni ulipokuwa unaota meno, ukaitafuna mpaka uzi ukachambuka. Siku hizo hukusema nimekufunga.

Ningeitundika ndani, mbele ya dereva, lakini ungeitupa, maana pale kwenye kioo umekwisha weka kile kijiti chako cha plastiki kinachonukia maua. Basi ulipokwenda sokoni nikafungua boneti. Kila kitu mle kimeshikana kama matumbo ya mbuzi, na mimi sijui ini ni lipi wengu ni upi. Nikaona mpira mnene unatoka juu kabisa ya injini, unapinda kama shingo. Nikasema hirizi huvaliwa shingoni, na shingo ya gari ndiyo hii. Nikaifunga pale kwa uzi wa kushonea nyavu, ule wa Kigombe usiokatika. Nikakaza kwa meno. Fundo juu ya fundo.

Siku si nyingi gari likaanza kunuka.

Tulikuwa tunatoka Kigombe na matenga ya samaki. Ukasimamisha hapa uwanjani, ukazima, na harufu ikapanda ikaingia mpaka tulipokaa, kupitia yale matundu ya upepo. Harufu ya mafuta yanayoungua. Ukanigeukia ukasema, "Bibi, ni mafuta yako hayo." Kwa sababu nyuma kulikuwa na ndoo yangu ya mafuta ya kukaangia, imefunikwa, imefungwa kwa kamba, na haijamwaga tone tangu niijue. Hukushuka hata kuitazama. Ulihukumu umekaa.

Nikaosha ile bodi ya nyuma kwa majivu na sabuni, nimepiga magoti na goti hili unalolijua. Harufu ikabaki. Wewe ukaongeza kijiti cha pili pale kwenye kioo, gari likawa linanuka kama chumba cha bibi harusi kilichoshika moto. Hapo ndipo ulipoanza kukosea, na sikusemi kwa kukusimanga tu, ingawa nakusimanga pia. Harufu ya gari ni ulimi wake. Halina mwingine. Wewe uliuziba kwa maua.

Lakini mimi, ngoja nikuambie nilichofanya mimi, maana nikikificha utakisikia kwa Bi Mize. Mimi nilifurahi. Niliposikia harufu ya kuungua inatoka mbele kule kwenye injini, nilisema moyoni: alhamdulillahi, hirizi inafanya kazi, jicho la Bi Mize ndilo linaungua. Kadiri lilivyonuka ndivyo nilivyotulia. Nikawa naingiza na chetezo ndani ya gari asubuhi kabla hujaamka, udi na ubani, nilisaidie. Kwa hiyo wewe uliweka maua, mimi nikaweka udi, na oili inachuruzika zake chini kwa amani.

Na Bi Mize alikuwa ameniletea mkate wa kumimina kwenye sahani yake ile ya maua ya buluu. Sahani ya jirani hairudi tupu. Hata kipande cha muhogo, hata chumvi ya mkono mmoja, utatia kitu. Nimekufundisha hivyo kabla hujajua kuhesabu. Nikaiosha sahani ile, nikaifuta ikakauka, nikamrudishia tupu. Akaipokea, akaigeuza chini juu kama mtu anayetafuta kilichoanguka, akasema ahsante. Nilirudi nyumbani nimeinua shingo kama niliyeshinda vita.

Ukalipeleka gari kwa Fundi Mhina. Ukamwambia, "Fundi, linanuka mafuta." Haya. Mafuta ni neno la watu wote. Yangu ya samaki ni mafuta, ya nazi ya kujipaka ni mafuta, dizeli ni mafuta. Fundi wa magari ukimtajia mafuta anasikia dizeli. Akakagua mipira ya dizeli, akabadilisha uliochakaa, akakaza bana zinazoishika, akanusa, akasema kwisha. Hakukosea. Alitibu ugonjwa aliotajiwa.

Harufu ikarudi. Wewe ukasema Mhina mwongo. Mhina akasema gari la samaki litanuka samaki. Mimi nikamtazama Bi Mize. Gari moja, wajinga watatu.

Siku iliyotufungua macho nilikuwa kibarazani nakaanga vibua. Ulikuwa ndiyo kwanza umeingia kutoka Muheza, pikapu bado moto, inatoa ule mlio wa chuma kinachopoa. Nikageuza samaki, tone likaruka nje ya karai likaangukia makaa. Harufu ikapanda. Nikabaki nimeshika kijiko hewani, kwa sababu ndiyo ile ile, na ilikuwa inanijia kutoka pande mbili.

Mafuta yakizidi moto ndani ya karai hutoa moshi mwembamba unaowasha macho, na harufu yake huja polepole. Tone lililokosa karai likakuta makaa hunuka ghafla, nzito, kutoka chini. Nimeishi na harufu hizo mbili kuliko nilivyoishi na babu yako. Na nimekaa wiki nzima nainusa hii ya pili kwenye gari lako nikisema ni jicho.

Nikakufuata na unga mikononi. Nikakuambia hayo si mafuta, hiyo ni oili ya injini, na haiungui ndani, inavuja inadondokea kwenye makaa.

"Gari halina makaa, bibi."

"Kuna nini mle cha moto kuliko vyote?"

Ukafikiri. Ukasema, "Ekzosi."

Na hapo nakupa haki yako, maana haki ni haki hata kwa mtu asiye na adabu. Hukuniamini bure. Uliliwasha, ukanishika mkono ukanipeleka nyuma, ukaniambia tutazame moshi, kwa sababu oili ikiungua ndani ya injini moshi wa nyuma hutoka na rangi ya buluu, na kupona kwake ni kazi nyingine kubwa. Tukasimama pale tumeinama wote wawili kama tunaotafuta kipini. Moshi haukuwa na buluu. Ukafungua boneti, ukamulika kwa simu pembeni ya injini, upande wa ekzosi, ukaniita. Mstari mweusi unang'aa, unateremka kutoka kwenye ukingo wa kile kifuniko cha juu mpaka kwenye chuma cha moto. Ulicheka. Ulisema pua ya bibi ingeajiriwa bandarini. Tulikuwa hatujacheka pamoja tangu Idi.

Ningejua kwamba ndicho kicheko cha mwisho ningekirefusha.

Mhina akafungua kifuniko. Gasketi ya chini yake ilikuwa imekauka, ikamvunjikia mkononi kama ganda la muhogo lililoanikwa. Akatia mpya. Harufu ikakaa kidogo, ile oili ya zamani ikaungua ikaisha, kukawa kweupe. Mimi nikasema moyoni, jicho limeondoka. Wewe ukaanza kufunga mizigo.

Kisha harufu ikarudi, na safari hii kwa kishindo. Moshi ulipanda kwenye boneti pale Pongwe, watu wakakupungia usimame wakidhani linawaka. Na lingewaka. Oili juu ya chuma chekundu haihitaji kuombwa. Lingekuwa limo mlimani, kwenye zile kona za Amani, msitu huku na korongo huku, na magunia ya mdalasini mgongoni, sijui ningeletewa nini hapa.

Ndipo Mhina akaja mwenyewe uwanjani, amenuna, maana kazi yake imemuumbua. Akasema gasketi mpya haivuji namna hii ila injini yenyewe iwe inasukuma. Injini inapumua, akasema. Ikizibwa pua hutafuta pengine pa kutolea pumzi, na pumzi hiyo hutoka na oili. Akaanza kuufuata ule mpira wa kupumulia kwa vidole, kutoka juu ya kifuniko, taratibu, mpaka vidole vikasimama.

Uzi ulikuwa umezama ndani ya mpira. Moto uliulainisha, uzi ukaendelea kula, tundu likafungwa kabisa. Alikata kwa kisu. Kitambaa chekundu kikatoka, kimelowa oili.

Nililinyonga gari la mume wetu. Aya haina kosa, Mwanaidi, usije ukatoka hapa ukaitia aya makosani. Fundo ndilo langu.

Na pale pale ukalisema neno lako. Na mimi, badala ya kusema nililopaswa kusema, kwamba nimekosea, nimefunga mpira nisiojua kazi yake, nikakutazama nikasema, "Kama nimekufunga, mbona una miguu? Ondoka." Ukaondoka. Kwa kunitii mara moja tu maisha yako yote, ukachagua hiyo.

Sasa soma taratibu. Nilifunga gari, sikukufunga wewe. Hilo nitalisema mbele ya kadhi, nitalisema na msahafu mkononi. Lakini kuna swali hukuniuliza, na ungeniuliza ningekosa pa kutazama. Ungeniuliza: bibi, ulipokuwa unakaza kwa meno, moyoni ulisema nini? Fundo la kwanza nilisema Mungu amlinde. La pili nilisema jicho la mtu lisimpate. Yaliyofuata, yale yaliyoukaba mpira, nilikuwa nasema asiende. Sikulitamka. Nililisema kwa meno.

Kwa hiyo sijui. Labda mpira ulinisikia.

Mama yangu hakuwa mtu wa kuunguza chakula. Kigombe nzima walijua. Siku ninaletwa huku Mabawa kwa babu yako, gari limesimama, shangazi zangu wananiimbia, kila mtu yuko nje ila yeye. Yuko jikoni. Nikanyoosha shingo, hakutoka. Nikasikia harufu ya mafuta ya nazi yanaungua, nikasema moyoni: hata leo mwanamke huyu hawezi kuacha sufuria zake. Nilimkasirikia kwa hilo mpaka nikazaa, mpaka nikazika. Sikuwahi kumuuliza.

Juzi, wewe umeshaondoka na begi, nimekaa mbele ya karai langu, macho yangu yanaliona. Nimesikia harufu. Nimeisikia vizuri, ningeweza hata kuitaja kwa jina. Vibua vyote viligeuka makaa na mimi nimekaa hapo hapo. Bi Mize ndiye aliyekuja akalitoa karai motoni kwa upindo wa kanga yake.

Karatasi hii pia ni ya Bi Mize, na kalamu. Nilimpelekea sahani ya samaki kwanza, na juu ya samaki nikatia ndimu. Akasema, "Leo umeikumbuka njia." Nikamwambia yote, kwamba nilimdhania jicho. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye kizingiti. Akaniambia Mashaallah alisema, alisema mlangoni kwake baada ya kutema tambuu, kwa sababu jina la Mungu halitajwi kwa mdomo mwekundu. Nilimtazama mdomo siku ile, nikangojea neno, na sikuona kama ana tambuu. Ndiyo macho yangu hayo, ndiyo niliyotaka kukulinda nayo.

Anasema ataniwakilisha mtaani, atawaambia watu kilichofungwa ni mpira. Nimemkatalia. Si yeye aliyelitamka neno.

Mhina nilimwita tena. Mpira ametia mpya, gasketi ametia nyingine kwa sababu ile ilikwisha sukumwa ikapinda. Nilimsimamia. Alitaka kufunga aondoke, nikamwambia sufuria chafu haikuonyeshi ilipotoboka, asugue. Akasugua injini upande wote ule mpaka chuma kikaonekana rangi yake. Kisha nikapanda mbele, nikamwambia twende. Akauliza wapi. Nikasema Muheza, na kutoka Muheza tushike njia ya Amani mpaka mlima uanze kukaza. Akasema bibi, huniamini. Nikamwambia sikuamini, na mimi mwenyewe sijiamini, endesha.

Vijiti vyako vya maua nimevitupa. Udi sikuchoma. Nilikaa nimefungua kioo, nimefunga kioo, nanusa kama paka. Mwanzo kulikuwa na harufu, Mhina akasema ni mabaki yaliyokwisha ingia kwenye ekzosi, nikamwambia mabaki au si mabaki tutajua tukirudi. Tukapanda kidogo, miti ikaanza kutufunika, upepo ukawa wa baridi. Sijawahi kufika Amani. Maisha yote naiona kwa mbali tu, mawingu yake. Ni pazuri, ukweli niuseme. Nilikasirika zaidi.

Tuliporudi ilikuwa imeisha. Nikachana kipande cha shuka langu jeupe, nikaingiza mkono mwenyewe, nikafuta chini ya kifuniko upande wa ekzosi. Kitambaa kilitoka cheupe. Nimekiacha hapo kwenye kiti cha pembeni ukione, usije ukasema nakudanganya ili ulale salama.

Ukipanda huko ukasikia tena harufu, usitundike kitu, usifukize, na usimtafute mtu wa kumtupia. Mtupie lawama baadaye, sikukatazi, lawama ni tamu. Kwanza usimame, uache kipoe, ufungue, uangalie. Mimi na wewe tulitafuta mtu wiki nzima, na gari linatuambia.

Sasa ufunguo. Vuta kile kitasa chini ya usukani, shuka, fungua boneti. Utaukuta umefungwa kwenye pete ya kile kijiti cha kupimia oili. Nimeuweka hapo ili usiweze kuondoka bila kukitoa. Basi ukitoe, ukifute, ukirudishe, ukitoe tena, usome oili imefika wapi. Na ukiwa umeinama hivyo hivyo, chungulia ule mpira mpya. Hauna kitu. Hirizi nimeirudisha kwa mwalimu. Ufunguo nimeufunga kwa uzi ule ule wa nyavu, nimeutoa ndani ya oili nikaufua, lakini fundo ni moja, na ni la kuvuta. Vuta ncha kwa mkono mmoja, litafunguka.

Mimi nitakuwa macho, sidanganyi. Nitakuwa nyuma ya mlango, nimekaa kwenye kigoda, na sitatoka usiponiita. Sikuombi unikumbatie. Sikuombi radhi na usiniombe. Nataka kitu kimoja, na unajua ni changu. Saa hiyo watu wanatoka msikitini, wanapita hapo mbele ya uwanja wetu, walewale waliokusikia. Kabla hujawasha, simama pale pale uliposimama siku ile, utoe shikamoo yangu, kwa sauti ile ya kunadia samaki. Hakuna mtu anayemwamkia aliyemfunga.

Marahaba yake nimekwisha kukupa, ipo juu kabisa ya barua.

Mke mwenzio,
Bibi